Kofia ya Jino: Uliza Maswali Haya Kabla Hujatuma Pesa

Kama umekulia Njoro, Gilgil, Elementaita au upande wa Naivasha, toa picha ya darasa lenu la msingi uiangalie tena. Kuna wale waliotabasamu wakiwa wamefunga mdomo. Mimi niko safu ya pili, midomo imebanwa kabisa.

Mwaka jana gego langu la chini lilipasuka nikila mahindi ya kuchoma. Nikaenda kliniki moja ya meno nikitarajia kuambiwa habari ya jino moja. Nilitoka na karatasi ya bei ya kofia saba: moja ya gego, na sita za meno ya mbele, "ili tumalize hiyo rangi mara moja." Chini ya karatasi kulikuwa na nambari ya simu ya mtu binafsi. Nikituma pesa yote siku hiyo, nitapunguziwa.

Sikutuma. Si kwa sababu nilikuwa mjanja, sikuwa nazo tu. Lakini ule muda wa kutafuta pesa ndio ulinipa nafasi ya kuuliza, na nilichojifunza kinaweza kukusaidia kabla hujabonyeza PIN yako.

Kofia ya jino, au krauni kama wanavyoiita kliniki, ni kifuniko kinachovaliwa na jino zima hadi kwenye ufizi. Ili kikae, daktari lazima kwanza alisage jino pande zote na juu, mara nyingi milimita moja hadi mbili. Inasikika kidogo, lakini jino lenyewe si kubwa. Zaidi ya nusu ya ile sehemu inayoonekana inaweza kuondoka. Pesa ukiituma kwa nambari isiyo yake ukaripoti mapema, kabla haijatolewa, kuna njia ya kuirudisha. Jino likishasagwa ndio basi, litahitaji kufunikwa maisha yako yote. Na kofia nazo huchakaa. Nyingi hudumu kama miaka 10 hadi 15, halafu unalipa tena. Ukiwa na miaka 25, hebu piga hesabu.

Kwa hivyo swali la kwanza si "kofia gani ni bei poa?" Ni "jino hili linahitaji kofia kweli?"

Gego lililotibiwa mizizi, lililopasuka, au lenye shimo kubwa kiasi kwamba kuta zilizobaki ni nyembamba, mara nyingi linahitaji. Hilo nililikubali. Lakini meno yangu ya mbele hayakuwa yamevunjika wala kuoza. Yalikuwa ya kahawia tu, na hiyo sisi watu wa Bonde la Ufa tunaijua chanzo chake. Maji ya visima vingi huku yamebeba floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, nyingine ikipita mbali kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, takriban hadi miaka minane, yanatoka na madoa. Ukihamia Nakuru ukiwa mtu mzima hayakupati. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki palepale. Ile magadi ya kulainisha maharagwe nayo inaweza kuongeza. Ndiyo maana mpango wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru umefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kama una mtoto mdogo, chujio ni nafuu kuliko kila kitu nitakachokitaja hapa chini.

Kwa madoa peke yake kuna njia zisizokula jino sana: kung'arisha kwa dawa, kusugua tabaka jembamba la juu, kufunika kwa ile plastiki ngumu ya kuzibia, au vinia, yaani kigamba chembamba cha kauri kinachobandikwa upande wa mbele tu. Mwambie daktari mapema umekulia wapi, kwa sababu gundi huwa haishiki vizuri kwenye jino lenye floraidi nyingi na inabidi alitayarishe kwa njia tofauti. Kofia kwa meno ya aina hii ni za pale ambapo jino lenyewe linamomonyoka.

Sasa, ukiwa umethibitisha kwamba jino linahitaji kofia, aina ndizo hizi.

Ya chuma, iwe dhahabu au mchanganyiko wa metali, inahitaji kusaga jino kidogo kuliko zote na ni ngumu kupasuka. Shida ni kwamba inaonekana. Kwa gego la mwisho kabisa, nani anakuangalia huko? Ila kama hereni za bei rahisi hukuwasha masikio, sema, kwa sababu metali nyingine zina nikeli.

Ya chuma ndani na kauri nje imetumika miaka mingi na kliniki nyingi wanayo. Ni imara na ina rangi ya jino. Lakini ile kauri ya juu inaweza kubanduka kipande, na ufizi ukishuka na umri utaona mstari mweusi pale chini. Kwa gego hilo si tatizo. Kwa jino la mbele litakukera kila ukijiangalia kwenye kioo.

Zirkonia ni nyeupe, haina chuma, na ni ngumu sana, ndiyo maana siku hizi inapendekezwa sana kwa magego. Ugumu huo una pande mbili. Isipong'arishwa vizuri baada ya kurekebishwa mdomoni, inaweza kulisaga jino linalokutana nayo. Ukiwa unasaga meno usingizini, lazima hilo lijadiliwe.

Halafu kuna kauri inayopitisha mwanga kidogo kama jino la kweli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara, e.max. Kwa meno ya mbele ndiyo inayopendeza zaidi. Haina nguvu ya zirkonia, kwa hivyo kwa mtu wa kutafuna miwa kwa magego, fikiria tena.

Ya plastiki ni ya muda tu, ya kuvaa wiki chache huku ya kudumu ikitengenezwa maabara. Ukiona bei imeshuka ajabu, uliza kama ni hii. Na watoto wana yao ya chuma, iliyotengenezwa tayari, inayovalishwa gego la utotoni kwa ziara moja. Usishtuke ikiwa inang'aa, itatoka na jino lenyewe.

Jambo moja ambalo sikulifikiria ni rangi. Kofia nyeupe pepepe katikati ya meno ya kahawia inaita macho kuliko doa lenyewe. Fundi wa maabara anaweza kuipaka madoa ifanane na majirani zake, lakini lazima aambiwe kabla hajaichoma. Na kama unapanga kung'arisha meno, anza na hilo, kwa sababu kofia haing'ariki.

Tukirudi kwa pesa. Kazi hii ina hatua: uchunguzi na picha, kusaga na kuchukua kipimo, kisha siku ya kuvalisha. Omba malipo yafuate hatua hizo. Tuseme jumla ni shilingi 24,000. Unaweza kukubaliana nusu siku ya kipimo, kwa sababu kliniki inalipa maabara, na nusu baada ya kofia kukaa na umeuma nayo ukaridhika. Bei iandikwe pamoja na aina ya kofia, na iseme kama matibabu ya mizizi yamo ndani au ni kando. Hapo ndipo wengi hushtukia.

Tuma kwa Till au Paybill ya kliniki, si kwa nambari ya mtu. Jina likitokea kwenye skrini lisome hadi mwisho kabla ya kuthibitisha. Kwa Paybill, weka nambari ya faili lako kwenye akaunti, na ule ujumbe wa malipo usiufute hadi kazi iishe. Usilipie kofia kwa ule mkopo wa kujazia salio unaotozwa ada kila siku. Jino la kofia linaweza kungoja wiki mbili na kofia ya muda, lakini ada haingoji. Na kabla ya yote, tafuta jina la daktari kwenye orodha ya baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, iliyoko mtandaoni. Ni dakika mbili.

Mimi nilienda kwingine. Gego lilipata zirkonia, nikalipa mara mbili kwa Till. Meno mawili ya mbele yalisuguliwa tu, madoa yakapungua, hayakuisha. Yale mengine manne sijayagusa.