Kanisa la Mkunazini: Tao Halina Dini

Mtu atokaye Chanji, Sumbawanga, akifika Mji Mkongwe wa Unguja, atakuta Mkunazini jengo la kumtatiza. Ni kanisa kuu la Waanglikana, lakini kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa, pamoja na matao yake, vinamkumbusha misikiti ya pwani. Je, kufanana huko kuna uzito katika sheria?

Kwanza tutazame historia. Ujenzi ulianza mwaka 1873 chini ya Askofu Edward Steere, aliyechanganya mtindo wa Ulaya uitwao Gothic na ule wa Kiarabu. Hata hivyo, tao lenye ncha, linalohesabiwa kuwa alama ya Gothic, lilikwishatumika katika Msikiti wa Ibn Tulun, Cairo, uliokamilika mwaka 879, zaidi ya miaka 200 kabla ya makanisa ya Gothic ya Ufaransa. Ufundi husafiri, tao halina dini.

Ama upande wa fiqhi, imepokewa kuwa Umar (r.a.) alijizuia kuingia makanisani kwa sababu ya masanamu, na kwamba Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akiswali kanisani isipokuwa lile lenye masanamu. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya suala hili. Wako waliochukia na wako walioruhusu. Lakini katika mapokezi haya mawili kinachoangaliwa ni kilichomo ndani ya jengo, wala si umbo la dirisha.

Liko jambo zito zaidi ya matao. Kanisa hili limesimama pale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa Juni 1873 kwa mkataba baina ya Sayyid Barghash na Waingereza. Waliouzwa walitoka bara, wakiwemo watu wa kandokando ya Ziwa Tanganyika, ziwa linalopakana na Ufipa. Na tukiri: wengi wa wafanyabiashara wale walikuwa Waislamu. Hali ya kuwa katika Sahihi Bukhari, Allah (s.w.) ameahidi kuwa Siku ya Kiyama atakuwa hasimu wa mtu aliyemuuza muungwana na kula thamani yake.

Basi mwenye kupita Mkunazini asiishie kuuliza nani alimuiga nani. Ajiulize ni vipi watu waliokuwa na onyo hilo mikononi mwao waliweza kusimama sokoni hapo wakipatana bei.

Wallahu a'lam.