Mielekeo ya Utafiti Kuhusu Maarifa Asilia ya Kilimo Mseto

Kilimo mseto ni ukuzaji wa miti, mazao na aghalabu mifugo katika ardhi moja, kwa mpango unaovifanya vyote vifaane. Jikoni, mseto ni mchele uliopikwa pamoja na choroko. Jina hilo halitaji mti, na ndiyo sababu wengine husema kilimo misitu. Jambo lenyewe ni kongwe kuliko majina yote mawili: wakulima wa Afrika Mashariki walichanganya miti na mazao kabla wataalamu hawajaanza kuwachunguza. Yafaa basi kutazama namna maarifa ya wakulima hao yalivyochunguzwa, na nafasi ya lugha katika uchunguzi huo.

Mwelekeo wa kwanza ulikuwa wa kuorodhesha. Tangu enzi ya ukoloni, wataalamu wa mimea waliuliza jina la mti, wakaliandika kando ya jina la Kilatini, kisha wakaongeza matumizi: kuni, dawa, mbao. Orodha hizo zina thamani kubwa. Lakini mkulima alihesabiwa kuwa mtoa majina tu. Aghalabu hakuulizwa kwa nini mti huu huachwa shambani na ule hukatwa. Kazi ya David Brokensha na Bernard Riley kuhusu Wambeere wa Kenya, iliyotolewa mwaka 1988, ilivuka mpaka huo kwa kuyaunganisha majina na matumizi ya mimea na mabadiliko ya maisha na ardhi.

Mwelekeo wa pili ulikuwa wa kueleza mifumo, nao ulipata nguvu baada ya kuundwa kwa baraza la kimataifa la utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, mwaka 1978, ambalo makao yake yalikuwa Nairobi. Mfano mashuhuri ni kihamba cha Wachaga wa Kilimanjaro. Juu husimama miti mirefu, chini yake migomba, kisha mibuni, na karibu na ardhi magimbi na mboga. Ng'ombe hulishwa zizini, na samadi hurudi migombani. Mwaka 1984, Fernandes, Oktingati na Maghembe walieleza aina 111 za mimea katika vihamba. Mwaka 2006, Andreas Hemp alitaja zaidi ya 500, nyingi zikiwa za kuota zenyewe. Hesabu hizo hazipingani. Kila jibu hufuata swali lake.

Hata hivyo, hesabu haielezi kwamba sale ni mpaka wa shamba na pia ni ishara ya kuomba msamaha, wala kwamba magome ya msesewe hutiwa katika mbege. Anayeung'oa msesewe kwa kuwa hautoi mbao bora ameigusa pia pombe ya sherehe.

Mwelekeo wa tatu ulitaka kujua sababu. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walitengeneza programu ya kompyuta ya kuhifadhi maelezo ya wakulima, kauli kwa kauli. Huko Nepal walikuta wakulima wana neno tapkan, yaani matone yadondokayo kutoka majani ya miti. Wakulima hao waliipanga miti kwa kadiri matone yake yanavyoumiza udongo na mazao yaliyo chini, wakizingatia ukubwa wa majani. Neno moja lilibeba nadharia nzima ya mmomonyoko.

Mwelekeo wa nne uliyatazama maarifa kama sheria na ushirika. Wasukuma wa Shinyanga huita ngitili eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Desturi hiyo ilidhoofika pale misitu ilipofyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na tena watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliifufua, na ardhi ya maelfu kwa maelfu ya hekta ikarudi kuwa na miti. Ngitili haikuwa mbegu ngeni. Ilikuwa makubaliano yenye jina.

Katika mifano hiyo yote, maarifa yamekaa ndani ya maneno: kihamba, sale, tapkan, ngitili. Lakini taarifa nyingi za utafiti zimeandikwa kwa Kiingereza, na mkulima aliyesema hawezi kusoma alichonukuliwa, sembuse kukisahihisha. Kijana anayehamia mjini huacha shamba pamoja na msamiati wake. Na ukipotea msamiati, mtafiti ajaye hatakuwa na swali la kuuliza.

Hapa ndipo kazi ya mtaalamu wa lugha inapoanza. Kamusi inayosema tu kwamba msesewe ni "aina ya mti" imeufukia ujuzi uliokusudiwa kufafanuliwa. Inayostahili ni fasili iliyokusanywa shambani, ikaandikwa kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili, kisha ikarudishwa kwa wenyewe waihakiki. Wahenga walinena: mwacha asili ni mtumwa.