Chunusi kwa vijana: Si uchafu, si laana, na mkorogo si dawa yake

KIJANA anapoingia katika umri wa balehe hupata mabadiliko mengi kwa wakati mmoja. Sauti hubadilika, urefu huongezeka, msichana huanza kupata hedhi na mvulana huanza kuota ndevu. Mengi ya mabadiliko hayo yanaweza kufichwa na sare ya shule. Chunusi hazifichiki, kwa sababu hukaa usoni, mahali ambapo kila anayezungumza na kijana huyo hupatazama.

Wazazi wengi huliona jambo hili kuwa dogo. Husema kwamba hata wao walipitia humo na kwamba zitaisha zenyewe. Ni kweli kwamba kwa vijana wengi hupungua umri unaposogea, lakini kwa wanaopata chunusi kali, kusubiri bila matibabu huweza kuacha makovu ya kudumu. Aidha, lipo jeraha lisiloonekana. Kijana huanza kuinamisha kichwa darasani, hukataa kupigwa picha, hukwepa shughuli za watu na hatimaye hutafuta dawa kimya kimya bila kumshirikisha mtu mzima.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Katika eneo kama Manzese, ambako maduka na meza za bidhaa zimepangana kando ya Barabara ya Morogoro na kuingia hadi mitaani, krimu za kila aina zinapatikana hatua chache tu kutoka nyumbani. Kijana mwenye fedha kidogo mfukoni anaweza kurudi na kopo litakalomwachia tatizo kubwa kuliko lile alilotoka nalo.

Chunusi hutokeaje?

Chini ya ngozi kuna tezi ndogo zinazotengeneza mafuta ya kulainisha ngozi na nywele. Mafuta hayo hutoka nje kupitia matundu ya vinyweleo. Mwili unapobalehe, homoni zinazoitwa androjeni, ambazo wavulana na wasichana wote wanazo, huzichochea tezi hizo kutoa mafuta mengi zaidi. Wakati huohuo chembe za ngozi iliyokufa hushikamana ndani ya tundu na kuliziba.

Tundu lililoziba huonekana kama kipele kidogo cheupe au chenye ncha nyeusi. Weusi huo si uchafu, bali ni rangi ya asili ya ngozi pamoja na mafuta vilivyokutana na hewa. Ndani ya tundu hilo huishi bakteria ambao kwa kawaida hukaa kwenye ngozi ya kila mtu. Wanapopata mafuta mengi huongezeka, mwili hupambana nao, na matokeo yake ni uvimbe, maumivu na usaha. Kwa kuwa uso, kifua, mabega na mgongo ndiyo sehemu zenye tezi nyingi za mafuta, huko ndiko chunusi hushamiri.

Kwa maelezo hayo, mzazi anaweza kuona kwa nini lawama nyingi wanazotupiwa vijana hazina msingi. Chunusi hazitokani na kutooga. Kusugua uso kwa dodoki na sabuni kali ya kufulia mara nne kwa siku hakuziondoi, bali huichubua ngozi na kuzidisha uvimbe. Vilevile, chunusi si dalili kwamba kijana ameanza mapenzi, wala si kweli kwamba tendo la ndoa ni tiba yake. Uvumi huu wa mwisho ni wa hatari, kwa sababu unaweza kumwingiza kijana katika mimba au maradhi kwa matumaini ya kutibu kipele.

Kuhusu chakula, tafiti zimeonyesha uhusiano kati ya chunusi na vyakula vinavyopandisha sukari mwilini kwa haraka, kama vile soda, pipi na vyakula vya unga uliokobolewa. Baadhi ya tafiti pia zimeyahusisha maziwa. Kupunguza soda ni jambo jema kwa afya kwa ujumla, lakini kumnyima kijana karanga au mayai kwa kuamini kwamba ndivyo vilivyomharibu uso ni kumwadhibu bila sababu.

Mkorogo na krimu za mchanganyiko

Tatizo linalowasumbua zaidi watu wenye ngozi nyeusi ni madoa yanayobaki baada ya chunusi kupona. Ngozi yetu ina rangi nyingi ya asili, na kila inapovimba au kujeruhiwa huzalisha rangi ya ziada mahali hapo. Madoa hayo huweza kukaa kwa miezi kadhaa. Si makovu, na mengi hufifia yenyewe, lakini kijana asiyejua hilo hutafuta kitu cha kuyafuta haraka, na jirani au muuza vipodozi humpa mkorogo.

Krimu za kuchubua zimekuwa zikikutwa na viambata vitatu vyenye madhara makubwa. Cha kwanza ni zebaki, ambayo hupenya kwenye ngozi na huweza kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unazuia kutengeneza na kuuza vipodozi vyenye sumu hiyo. Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu huweza kuigeuza ngozi kuwa na weusi mzito wa kibuluu usiotibika kwa urahisi. Cha tatu ni dawa za jamii ya steroidi, kama vile betamethazoni na klobetazoli.

Steroidi zinahitaji kuelezwa kwa kirefu kwa sababu zinadanganya. Ni dawa halali hospitalini kwa maradhi fulani ya ngozi, na zipo pia ndani ya krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwa ajili ya fangasi. Kijana mwenye chunusi akizipaka, katika siku za mwanzo uvimbe hushuka na uso hung'aa, naye huamini kwamba amepata dawa. Baada ya wiki kadhaa ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huanza kuonekana, na hutoka vipele vipya vilivyosababishwa na dawa yenyewe. Akiacha ghafla, uso huwaka na kuvimba, hivyo hurudi kupaka tena. Aliyefika hapo hapaswi kufokewa, bali apelekwe kwa daktari aelekezwe jinsi ya kuiacha.

Nchini, usimamizi wa vipodozi ulikuwa chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) hadi mwaka 2019, ulipohamishiwa Shirika la Viwango (TBS), huku dawa zikibaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Pamoja na usimamizi huo, mlinzi wa kwanza ni mnunuzi mwenyewe. Kopo lisilo na orodha ya viambata, lisilo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi, au lililojazwa mchanganyiko wa muuzaji mwenyewe, halifai kupakwa usoni.

Limau, dawa ya meno na magadi navyo si tiba. Huunguza ngozi, na ngozi iliyoungua huacha doa jeusi kuliko lile la chunusi.

Tiba inayofanya kazi

Habari njema ni kwamba chunusi zinatibika, na kwa hali ya kawaida tiba yake si ya ajabu. Huanza na usafi wa upole: kunawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini na maji, kisha kuukausha kwa taulo safi bila kusugua. Mafuta mazito ya mgando yasipakwe usoni. Wanaopaka mafuta mengi ya nywele wajihadhari yasiteremke kwenye paji la uso, kwani huziba matundu. Losheni nyepesi isiyoziba ngozi inatosha.

Dawa ya kupaka iliyozoeleka ni benzoili peroksaidi, ambayo huua bakteria wa chunusi. Nguvu ya asilimia 2.5 hadi 5 hutosha kuanzia, kwani ya asilimia 10 huchubua zaidi. Mtumiaji ajue kwamba dawa hii hufifisha rangi ya nguo, hivyo asiigusishe kwenye khanga, hijabu wala foronya ya rangi. Asidi ya salisiliki, ya nguvu isiyozidi asilimia 2, husaidia kuzibua matundu kwa walio na vipele vidogo.

Kundi jingine ni dawa zinazotokana na vitamini A, kama adapalini na tretinoini, ambazo huzuia matundu yasizibe na pia husaidia madoa kufifia. Hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima na si juu ya kipele kimoja kimoja. Ni vyema kuanza usiku mmoja na kuruka mwingine, kwa kuwa ngozi hukauka na kuwasha katika wiki za mwanzo. Hazitumiki wakati wa ujauzito. Asidi ya azelaiki ni chaguo zuri kwa ngozi nyeusi yenye madoa, na huweza kutumiwa hata na mjamzito.

Chunusi zikiwa nyingi na zenye usaha, daktari huweza kuongeza dawa ya kumeza kama doksisaiklini, kwa kawaida kwa muda wa miezi mitatu hivi, pamoja na dawa ya kupaka. Humezwa kwa maji mengi, na mgonjwa asilale mara baada ya kuimeza kwa sababu huweza kuunguza koo la chakula. Haipewi mjamzito, na huifanya ngozi iungue kirahisi na jua. Kununua antibayotiki bila cheti cha daktari, au kumeza vidonge vitatu na kuacha, huchangia usugu wa vimelea, na siku antibayotiki itakapohitajika kwa ugonjwa mzito huenda isisaidie.

Kwa chunusi kali zinazoacha makovu ipo aizotretinoini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982. Ina nguvu sana, lakini husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo hutolewa na daktari bingwa pekee, kwa vipimo, na msichana lazima ahakikishwe kwamba hana mimba na hatapata mimba akiwa anaitumia.

Pamoja na tiba yoyote kati ya hizo, ni muhimu kujikinga na jua kwa losheni maalumu, kofia au mwavuli, kwani jua huyakoleza madoa. Kuminya chunusi kuachwe kabisa, kwa sababu husukuma usaha ndani na kuacha kovu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni muda. Dawa za chunusi huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kabla ya matokeo kuonekana vizuri. Kijana anayebadilisha krimu kila wiki hajawahi kuipa hata moja nafasi ya kufanya kazi.

Wakati wa kumwona daktari

Kijana apelekwe hospitalini iwapo chunusi zina vivimbe vikubwa vyenye maumivu, zinaacha makovu, hazijapungua baada ya miezi mitatu ya matibabu, au zinamkosesha raha. Msichana mwenye chunusi nyingi ambaye pia hedhi yake hupotea kwa miezi na nywele humwota kidevuni achunguzwe homoni. Anayetumia dawa za kifua kikuu au kifafa akatokwa na vipele amweleze daktari, lakini asiache dawa hizo kwa uamuzi wake.

Si kila kipele ni chunusi. Wavulana wengi hupata vipele vya kidevuni na kisogoni baada ya kunyolewa karibu mno na ngozi. Hao huhitaji kubadili namna ya kunyoa na kuhakikisha mashine ya saluni inasafishwa.

Kwa mkazi wa Manzese, safari huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Sinza, maarufu kama Palestina, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala au Muhimbili. Tanzania ina bahati ya kuwa na kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi kwa ukanda huu, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, na wahitimu wake wanahudumia wagonjwa katika nchi mbalimbali za Afrika.

Wajibu wa mzazi na mwalimu

Dawa pekee haitoshi iwapo nyumbani kijana anaitwa majina ya kejeli. Mzaha wa mjomba au shangazi mbele ya wageni huumiza kuliko kipele chenyewe. Mzazi amuulize mwanawe faraghani anajisikiaje, amwombe amwonyeshe anachopaka, kisha wasome pamoja maandishi yaliyo kwenye kopo. Mwalimu naye asikubali utani wa aina hiyo darasani.

Kijana anayeacha kula, anayejifungia chumbani, anayekwepa shule au anayesema kwamba maisha hayana maana, asichukuliwe kuwa anadeka. Hiyo ni dalili ya sonona, na anahitaji msaada siku hiyohiyo. Asiye na mtu wa kumweleza anaweza kupiga bila malipo simu ya huduma kwa mtoto, namba 116.

Chunusi nyingi zitapungua kijana anapokuwa mtu mzima. Ngozi iliyoharibiwa na mkorogo huchukua muda mrefu zaidi kupona, na pengine isirudi tena ilivyokuwa. Mzazi anayemwahi mwanawe kabla hajafika kwenye meza ya vipodozi atakuwa amemwepusha na hasara hiyo.