Kuunda na Kuijaribu Java kutoka kwenye Msimbo Wake

Java ni programu kama nyingine, na sehemu kubwa yake imeandikwa kwa lugha ya Java yenyewe. Hilo ndilo fundo la kwanza kwa anayetaka kuunda OpenJDK, yaani Java ya msimbo huria, bila kutegemea iliyoundwa na wengine. Kompaila yake, javac, ni programu ya Java, kwa hiyo haiundiki pasipo Java iliyotangulia. Atakaye kuunda toleo la 21 sharti awe na toleo la 20 kwenye kompyuta, au la 21 lililokwisha kuundwa. Mashine pepe ya HotSpot, inayoendesha programu zote za Java, imeandikwa kwa C++, hivyo kompaila ya lugha hiyo nayo huhitajika.

Msimbo hupakuliwa kwa programu ya Git, kisha amri ya «bash configure» huikagua kompyuta. Wanaoanza wengi hukwama hapa: maktaba ya sauti au ya uchapishaji haipo, na kazi husimama. Inafaa kuusoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho, kwani mara nyingi hutaja hata amri ya kusakinisha kinachokosekana. Ukaguzi ukipita, «make images» huunda Java nzima.

Java hiyo mpya ikiweza kutaja toleo lake, hilo linaonyesha kwamba imewaka tu. Uzima wake hupimwa kwa jtreg, chombo kinachopakuliwa peke yake na kuendesha maelfu ya majaribio yaliyomo ndani ya msimbo. Majaribio yamepangwa kwa ngazi. Ya kwanza, «make test-tier1», hugusa kompaila, mashine pepe na maktaba za msingi. Jaribio likianguka, si lazima kosa liwe la mjenzi, na njia ya haki ni kuliendesha jaribio hilohilo kwenye msimbo usioguswa, kisha kulinganisha.

Juu ya hayo upo mtihani rasmi wa ulinganifu, TCK, ambao hautolewi bila mkataba. Hata hivyo, Java huria imewahi kuupita. Kampuni iliyoanzisha Java, Sun Microsystems, ilipoufungua msimbo mwaka 2006 na 2007, vipande ambavyo haikuwa na haki navyo vilibaki vimefungwa, na mradi wa IcedTea wa Red Hat ukaviandikia mbadala. Juni 2008, Java huria ya mfumo endeshi wa Fedora 9, iliyoundwa kwa njia hiyo, ilifaulu mtihani huo.