Mavi ya Chuma: Uchafu Uliomo Ndani ya Pua

Watoto wapendwa, msicheke! "Mavi ya chuma" ni Kiswahili safi. Ni takataka inayojitenga na chuma kinapoyeyushwa. Neno ni la zamani kwa sababu kazi yenyewe ni ya zamani: Wahaya wa Kagera, Tanzania, walikuwa wakiyeyusha chuma miaka 2,000 hivi iliyopita. Na "pua" hapa si ile ya usoni. Ni chuma kigumu kilichosafishwa, cha kutengenezea madaraja, reli na magari.

Sisi wa Minneapolis na Saint Paul tuko karibu na chanzo chake. Mawe yenye chuma huchimbwa Mesabi, kaskazini mwa jimbo letu la Minnesota, kisha husafirishwa kwa meli kupitia Ziwa Superior hadi viwanda vya majimbo mengine.

Huko, chuma kilichoyeyuka hupulizwa oksijeni ili kuunguza kaboni iliyozidi. Oksijeni nyingine hubaki ndani, na ikiachwa huacha matundu pua inapoganda. Kwa hiyo mafundi hutia alumini, ambayo huinasa oksijeni upesi. Hapo ndipo uchafu mpya unapozaliwa: alumini na oksijeni huungana na kuwa chembe ngumu. Pua iliyoyeyuka ina joto la nyuzi 1,600 hivi za Selsiasi, lakini chembe hizi haziyeyuki mpaka zipite nyuzi 2,000. Dawa ya tatizo moja imeleta jingine.

Chembe nyingi hazifiki hata sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Lakini hugongana, hushikamana na kuwa mashada. Shada likibaki ndani, na chuma kikapindwa au kutikiswa mara nyingi, ufa unaweza kuanzia hapo.

Mafundi hufanya nini? Kwanza, hupuliza gesi ya arigoni kutoka chini. Mapovu hupanda na chembe, nazo hunaswa na mavi ya chuma yanayoelea juu, kama povu la supu ya nyama tunaloliengua kwa kijiko. Pili, hutia kalsiamu. Chembe zilizobaki hubadilika, zikayeyuka na kuwa matone ya mviringo, yasiyoziba tundu ambalo pua hupitia inapomiminwa.

Basi pua nzuri si ile isiyo na uchafu kabisa. Ni ile ambayo uchafu wake umepunguzwa, na uliobaki umebadilishwa usilete madhara.

Kazi ya nyumbani: waulize wazazi, au babu na bibi kwa simu, mhunzi anaitwaje kwa lugha ya kwao.