KOFIA CHINI YA KASKE: NI VIZURI AO NI VIBAYA?



Wengi kati yetu wanakuja masomoni na kinga, na wengine wanapanda moto nyuma ya dereva. Ulizo moja linatufikia mara kwa mara: mtu anayevaa kaske, anaweza kuvaa na kofia chini yake? Wengine wanasema ni akili, wengine wanasema ni hatari. Sisi tunajibu: pande zote mbili ziko na haki kidogo. Kofia moja inasaidia, kofia ingine inaharibu kazi yote ya kaske. Tuangalie pole pole.

1. MAJINA YANATUDANGANYA

Kaske na kasketi ni ndugu. Katika Kifaransa, «casquette» limetoka katika «casque», maana yake ni kaske kadogo. Na lile neno chapeo tunalosoma katika Biblia ya Kiswahili, pale Mtume Paulo anapotaja silaha za Mungu (Waefeso 6:17), lilitoka kwa Wareno; kwao chapéu ni kofia tu. Na sisi wenyewe tunaita baiskeli kinga, lakini kwa wenzetu wa pwani kinga ni kitu kinachozuia hatari. Basi majina yamechanganyika. Kazi hazikuchanganyika: kofia inazuia jua na jasho, kaske inazuia kifo.

2. NAMNA WAKIMBIAJI WALIVYOFUNDISHWA

Zamani, wakimbiaji wa baiskeli huko Ulaya walivaa kofia ya pamba peke yake, nyepesi, yenye ulimi mfupi mbele. Wengine walivaa vipande vya ngozi vilivyoshonwa sawa ndizi kichwani, lakini vile havikusaidia sana. Katika mwaka 1991 wakubwa wa mchezo huo walitaka kaske iwe lazima. Wakimbiaji walikataa, wakagoma katika mashindano ya Paris-Nice, na sheria ikaachwa. Walisema kaske inaleta joto, kila mtu ajichagulie.

Tarehe 18 Julai 1995, Fabio Casartelli wa Italia, aliyeshinda katika Michezo ya Olimpiki ya 1992, alianguka kwenye mteremko wa Portet d'Aspet katika Tour de France. Hakuwa na kaske. Alikufa siku ile ile. Hata hivyo sheria haikuja. Katika Machi 2003, Andrei Kivilev wa Kazakhstan alianguka katika Paris-Nice, naye bila kaske, akafa kesho yake. Ndipo, katika Mei 2003, kaske ikawa lazima. Miaka kumi na miwili ilipita toka ule mgomo.

Kofia ya pamba haikutupwa; ilihamia chini ya kaske. Mvua ikinyesha, ule ulimi mfupi unazuia maji yasiingie machoni. Jua likiwa kali, unaleta kivuli. Katika Septemba 2025, jirani zetu wa Kigali walipokea mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, mara ya kwanza katika Afrika. Hakuna mkimbiaji aliyepewa ruhusa ya kuanza bila kaske.

3. KASKE INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Ndani ya kaske ya baiskeli muna ile frigoliti tunayoona katika karto ya televizio mpya, lakini ngumu zaidi. Kichwa kikigonga chini, frigoliti inapondeka. Katika kupondeka kwake inakula nguvu ya kuanguka, na bongo inasimama kwa mwendo wa pole, si kwa ghafula.

Wanafunzi wa fizike, chukueni kalamu. Katika Ulaya, kanuni EN 1078 inapima kaske kwa kuiangusha katika mwendo wa 5,42 m/s, ni karibu 20 km kwa saa, sawa kitu kinachoanguka toka metre 1,50. Tumieni a = v²/2d. Kama kichwa kinasimama katika santimetre 2, tunapata karibu 735 m/s², ni mara 75 ya nguvu ya uzito. Kama kinasimama katika milimetre 1 juu ya gudroni, tunapata 14.700 m/s², ni mara 1.500! Kanuni ile haikubali kupita mara 250. Basi zile santimetre 2 ndio uhai wetu.

Hapa mtu mmoja atasema: «Sasa nikiongeza kofia nzito ya kufuma, santimetre si zitaongezeka?» Hapana. Bonyeza kofia ile na kidole: inalala mara moja. Kitu kinachokubali kidole hakiwezi kusimamisha kichwa. Inatoa nafasi bila kutoa nguvu. Tena nafasi ile inaleta mabaya mengine.

4. KOFIA MBAYA

a) Kofia nzito inainua kaske. Paji la uso linabaki wazi, na mara nyingi tunaanguka kwa mbele.

b) Kaske inakuwa sawa chungu juu ya ngata mbovu: inateleza. Ukigonga mara ya kwanza inarudi nyuma, na mara ya pili kichwa kiko wazi.

c) Kasketi ya kawaida iko na kifungo kigumu juu kabisa. Ukianguka, nguvu inaweza kukusanyika pale, juu ya mfupa.

d) Ulimi mrefu na mgumu unasukuma kaske, tena unaficha barabara wakati unainama.

e) Wadada zetu wanaofunga kitambaa: fundo kubwa kisogoni linasukuma kaske mbele ao juu. Fungeni kitambaa kilale sawa, na fundo lishuke chini kwenye shingo. Misuko iliyokusanywa juu ya kichwa inaleta shida ile ile.

5. KOFIA NZURI

Ni ya kitambaa kimoja chepesi, bila kifungo, bila mshono mnene, inayoshika kichwa. Inakunywa jasho lisiingie machoni. Inasaidia tena kwa kaske ya moto inayovaliwa na watu wengi kwa siku moja: kitambaa safi cha kwako kinatenga nywele zako na jasho la wengine. Lakini ukifue! Kitambaa kichafu ni kazi bure.

6. PIMO LA DAKIKA MOJA

Vaa kofia, kisha kaske. Weka vidole viwili juu ya nyusi: kaske ianzie pale. Mikanda ikutane chini kidogo ya sikio. Chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja ao viwili, si ngumi. Sasa tikisa kichwa mbele, nyuma, kando. Kama kaske inacheza, legeza ao kaza mikanda. Kama inaendelea kucheza, toa kofia. Usitoe kaske! Kofia ikubali kaske, si kaske ikubali kofia. Na siku unayoacha kofia nyumbani, kaza tena mikanda, juu kichwa kimekuwa kidogo.

Kaske iliyokwisha kugonga sana, hata kama inaonekana nzuri kwa nje, imemaliza kazi yake. Frigoliti iliyopondeka hairudi.

7. NENO LA MWISHO

Tunajua kaske ni bei, na kofia inapatikana kwa franka kidogo sokoni. Kwa hiyo wengi wanabaki na kofia peke yake na kusema «Mungu atanichunga». Tusome Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu yule yule anayechunga aliamuru mtu anayejenga nyumba mpya atie ukuta kwenye ukingo wa dari, mtu asianguke na damu isiwe juu ya nyumba yake. Imani haikuondoa ule ukuta.

Wazazi wakiuliza kitu gani kinunuliwe kwanza pamoja na kinga, tujibu bila haya: fre nzuri, na kaske inayotosha kichwa. Kofia itafuata. Na wewe ambaye uko na kaske lakini unaitundika kwenye gido juu ya joto, jua hivi: gido haina bongo.