Usipime Hatari ya Sumu kwa Maumivu

Mkulima anayefyeka shamba jipya, anayeinua mawe ya mpaka au anayeingia ghalani usiku hana budi kukutana siku moja na kiumbe mwenye sumu. Nyuki, nge, bafe, swila na koboko wote wamo katika nchi yetu ya Kenya. Watu wengi hupima hatari kwa maumivu: wakiumia sana hukimbilia hospitali, wasipoumia sana hurudi kushika jembe. Kipimo hicho ni kibaya, na chaweza kumwua mtu. Sababu yake ni hii.

Mwili wote umejaa nyuzi nyembamba ziitwazo mishipa ya fahamu. Nyuzi hizo huanzia katika ngozi, na kwa njia ya uti wa mgongo habari zake hufika kwenye ubongo. Kidole kikigusa kaa la moto, mshipa hupeleka habari, na ubongo ndio unaotambua kwamba pana maumivu. Katika kila mshipa mna vilango vidogo sana ambavyo hupitisha chumvi ya mwili. Vikifunguka, habari huenda. Vikifungwa, husimama, kama maji ya mifereji ya mpunga kule Mwea. Sumu nyingi huharibu kazi hiyo, lakini kila moja ina njia yake.

NYUKI. Sumu ya nyuki ikikaushwa, karibu nusu ya uzito wake ni kitu kiitwacho melitini. Melitini hutoboa chembe za mwili na kuamsha ncha za mishipa ya maumivu. Mwiba hubaki katika ngozi pamoja na kifuko chake, nacho huendelea kusukuma sumu. Uondoe upesi kwa njia yo yote, kisha ondoka mahali hapo, kwa kuwa harufu yake huwaita nyuki wengine. Mtu akivimba uso au akipumua kwa shida, hata kama ameumwa na nyuki mmoja tu, apelekwe hospitali mara moja.

NGE. Sumu ya nge huzuia vilango visifungwe. Mshipa hupeleka habari ya maumivu bila kupumzika, kama mfereji ambao mlango wake umekwama. Ndiyo sababu mtu huumia sana ingawa jeraha halionekani vizuri. Watoto wadogo wamo katika hatari kubwa zaidi.

SWILA. Nyoka huyu hutema sumu machoni ili ajikinge. Mwaka 2021 wataalamu walieleza kwamba katika sumu ya swila mna vitu viwili vinavyosaidiana kuamsha mishipa ya maumivu, kiasi cha kumfanya adui ashindwe kuendelea. Macho yaoshwe kwa maji safi mengi kwa muda wa robo saa au zaidi, yasisuguliwe, kisha mgonjwa aende hospitali.

BAFE. Huyu hulala kimya kando ya njia. Akiuma, maumivu huwa makali, mguu huvimba, na nyama yaweza kuoza.

KOBOKO. Hapa ndipo kipimo cha maumivu kinaposhindwa kabisa. Sumu ya koboko hushambulia mahali ambapo mshipa wa fahamu hutoa amri kwa misuli. Pale alipouma huenda pasivimbe wala pasiume sana. Lakini baada ya muda mfupi kope huanguka, ulimi huwa mzito, na mwisho misuli ya kupumua husimama. Tena, mwaka 2012 wataalamu wa Ufaransa walitangaza kwamba wameona ndani ya sumu hiyo kitu ambacho, katika panya, kilipunguza maumivu kwa nguvu kama ya mofini. Basi maumivu madogo si cheti cha usalama.

Kwa hiyo, ye yote akiumwa na nyoka:

1. Atulie, asitembee wala kukimbia, abebwe.
2. Avuliwe pete, bangili na viatu kabla hajavimba.
3. Mguu au mkono ufungwe pamoja na ubao ili usicheze.
4. Asichanjwe kwa wembe, asinyonywe jeraha, asikazwe kamba, wala asipotezewe wakati kwa jiwe jeusi.
5. Apelekwe upesi hospitali yenye dawa ya kupinga sumu. Nyoka asifuatwe ili auawe. Inatosha kukumbuka rangi na umbo lake.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, nao wanaoumia zaidi ni watu wa mashambani. Kwa hiyo usingoje siku ya shida. Uliza sasa ni hospitali gani ya karibu iliyo na dawa hiyo, na ni jirani gani mwenye motokaa au pikipiki awezaye kuamshwa usiku. Kisha vaa viatu vya buti shambani, chukua tochi ukitoka gizani, na uwafundishe watoto wasitie mikono katika mashimo.